Kuifuata Divai ya Mtani Mikumi

Tangu nirudi, kila anayepita hapa Kidete ananiuliza swali lile lile: "Hivi, Mzee Stefano, huko Mikumi ilikuwaje?" Nimesimulia stesheni, nimesimulia kanisani, nimesimulia hata mtoni nikiwa nimejipaka sabuni. Nimechoka. Sasa naandika mara moja tu, mpeane wenyewe, na atakayeniuliza tena nitamwambia akasome.

Kwa wale wasiojua chanzo, chanzo ni mzabibu. Zamani mimi na Yona tulikuwa vibarua wa reli, genge moja, tukitengeneza njia upande wa Gulwe. Padre mmoja wa Dodoma alitupa matawi ya mzabibu wake, yote ya mti mmoja, tukagawana. Mimi Mkaguru nikapanda yangu hapa Kidete, juu kidogo ya mto Mkondoa. Yona ni Mgogo, kwa hiyo ni mtani wangu, na alipohamishiwa Mikumi kwenye reli ya Kidatu alikwenda akapanda ya kwake huko. Miti yetu ni watoto wa mama mmoja. Kumbukeni hilo, maana ndilo lililoniuma.

Divai ya kutoka nje ilipoadimika, kanisa letu likaanza kutumia ya kwangu kwenye Meza ya Bwana. Sisi wa misheni hatunywi pombe, na mtu akionekana na chupa hata ya mafuta ya taa, maneno huanza. Lakini divai ya kanisani ni heshima, na heshima hiyo ilikuwa yangu peke yangu tangu kabla ya watu kuhamishiwa vijijini. Mke wangu, Mama Neema, husema nikipita mlangoni siku ya Jumapili hugeuka kwa ubavu ili kifua kipate nafasi.

Ndipo kasisi wetu akaenda mkutanoni Kilosa, akarudi na uso wa mtu aliyeota ndoto nzuri. Aliniita chini ya ukuta wa kanisa jipya la mawe, lile ambalo askofu alikuwa aje kuliweka wakfu.

"Mzee Stefano," akasema, "nimeonja divai ya Yona wa Mikumi. Sijapata kuona! Anasema kuna tawi moja kwenye mzabibu wake lilizaa zabibu zisizofanana na nyingine, ndogo, nyeusi tii. Akalipanda peke yake. Haya ndiyo mavuno yake ya kwanza ya kutosha."

"Mungu ni mwema," nikasema.

"Siku ya askofu tutatumia ile. Amebakiwa na chupa kubwa moja, na ameiweka kwa ajili yetu. Na kwa kuwa hapa hakuna ajuaye kubeba divai kama wewe, nakuomba ukailete."

Nilijisikia kama mke mkubwa anayetumwa stesheni kumpokea bi harusi. Nikaitikia, nikaenda shambani nikapalilia mahali ambapo sikuwa nimepanda kitu. Mama Neema akanifuata.

"Nenda, Baba Neema. Huo wivu niachie mimi nikutunzie."

"Nani ana wivu?"

"Basi sawa," akasema, "lakini hayo uliyoyang'oa ni maboga yangu."

## Kidete hadi Kilosa

Nilibeba kikapu chenye chupa yangu moja, ya divai yangu nzuri kuliko zote, nimeifunika kwa kanga ya Mama Neema. Nia yangu ilikuwa nyepesi. Nitamnywesha Yona ya kwangu mbele ya majirani zake, halafu niseme, "Haya, lete hiyo yako ya ajabu." Tangu hapo ningejua nani ni nani. Ile ya Yona nilikuwa sijaionja hata tone, lakini nilikwisha kuichukia kana kwamba nimekunywa debe zima.

Treni ya kutoka Dodoma ilichelewa, na hilo si habari. Mkondoa ulikuwa umekula tuta la reli mahali fulani, tukaambiwa tusubiri mafundi. Tulisubiri hadi wauza mayai ya kuchemsha wakaishiwa mayai na kuanza kula chumvi yao. Karibu yangu aliketi bwana mmoja aliyevaa suti ya Chou En-lai iliyopigwa pasi vizuri, karani wa huko juu, akakitazama kikapu changu.

"Ndugu, umebeba nini hicho unakikumbatia hivyo?"

Mimi mzee wa kanisa, ningesema divai? "Dawa," nikasema.

"Dawa ya nini?"

"Ya mbuzi."

Kumbe alikuwa na mbuzi wawili wagonjwa nyumbani kwake! Akanisihi nimpe japo vijiko viwili. Nikamwambia dawa hii ni ya mbuzi wa milimani tu, wa tambarare huwadhuru. Akanuna hadi Kilosa, na mimi nikanuna pamoja naye, maana njia nzima nilikuwa nafikiria tawi lile. Kwa nini kwake? Mti mmoja, padre mmoja, siku moja. Kwangu matawi yote yalizaa zabibu za kawaida, zilizobanana kwenye kichala kama abiria, na kila mvua ikizidi zinaoza katikati. Mungu alipotaka kuonyesha ajabu yake, alipita hapa Kidete bila hata kubisha hodi, akaenda kuteremka Mikumi.

## Kilosa

Treni ndogo ya kwenda Mikumi haikuwapo, wala hapakuwa na mtu aliyejua itakuwapo lini. Nikaelekezwa kwa Bi Mwajuma, mama mmoja wa makamo mwenye hoteli karibu na stesheni, kwamba hapo hula madereva wa malori na labda mmoja angenichukua.

"Shikamoo, mama," nilimwambia, kwa sababu ya njaa tu, maana hakunizidi.

"Marahaba, babu," akajibu bila aibu, akanipa kiti.

Palikuwa na wali na samaki wa mtoni, na harufu yake ilinifanya nimsahau Yona kwa muda. Kikapu changu nilikisukuma chini ya meza. Bi Mwajuma alipopita kufagia akakigonga.

"Kuna chupa humu. Nini?"

Mbele yangu palikuwa na maalimu wa madrasa akila, ndevu nyeupe, kofia safi. Nyumba ya Waislamu, maalimu amekaa, mimi niseme nina divai? Nikasema, "Siki."

Nikaendelea kula, nikadhani yamekwisha. Baada ya kitambo nikasikia akiwaambia watu wake jikoni, "Kachumbari haina ukali leo, ndimu zimekwisha. Huyu babu ana siki, ngoja nimwazime." Nilipogeuka, chupa ilikuwa mkononi mwake, kizibo kimetoka, na bakuli la kachumbari la hoteli nzima liko chini yake.

Niliruka. Kiti kikaanguka. "Usimimine! Mama, usimimine! Nimekudanganya, ni divai! Ya kanisani!"

Bi Mwajuma aliweka chupa mezani kama mtu aliyeshika nyoka. "Babu! Unataka kunilishia watu haramu nyumbani kwangu?"

"Ndiyo maana nimesema usimimine."

"Na uliposema siki?"

Nilikuwa naokota kikapu changu niondoke kwa aibu, maalimu akanyoosha mkono.

"Ngoja. Lete hiyo chupa." Hakuigusa. Aliinamia mdomo wa chupa kwa mbali, akanusa, akafumba macho, akanusa tena. "Bwana, hii umeitengeneza wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Na hii ndiyo hunywewa huko kwenu?"

"Ndiyo."

"Poleni," akasema, kwa huruma ya kweli, si kwa dhihaka. Kisha akamgeukia Bi Mwajuma. "Hii si divai. Ilikuwa divai, sasa imegeuka siki yenyewe, bila kutiwa kitu. Ikigeuka hivyo ni halali. Mimina."

Na ikamiminwa. Wateja wote wakala kachumbari yangu na kuisifu. Dereva mmoja aliomba nyongeza. Bi Mwajuma alinisamehe papo hapo, akakataa nilipie wali, akaniuliza kama naweza kumletea siki ile kila nikipita. Nimetengeneza divai miaka mingi, watu wameipokea kwa magoti, na shahidi wa kwanza aliyeniambia ukweli ni mtu ambaye hajawahi kuonja divai maishani mwake. Nilicheka pamoja nao, lakini moyoni nilisikia uchungu mtupu. Nilikuwa nakwenda Mikumi bila silaha.

## Njiani, Kisanga

Yule dereva aliyeomba nyongeza ndiye aliyenichukua, nadhani kwa shukrani ya tumbo. Lori lilikuwa na mbegu za pamba na watu juu ya magunia. Karibu na Kisanga tukazama kwenye tope hadi mihimili. Watu wa kijiji cha ujamaa walikuwa wanapalilia shamba la pamoja hapo hapo kando ya barabara, tukawaomba watusukume.

Mwenyekiti wao, kijana mwenye sauti ya mikutano, akatutazama. "Tutawasukuma, ndugu zangu, bila wasiwasi. Lakini mistari hii imebaki, na ninyi mna mikono. Tusaidiane."

Basi abiria wote tukashuka tukapewa majembe. Nililima nimevaa koti la safari. Tulipomaliza walitupa ugali na mlenda, tukala kwa mikono michafu, na chakula kilikuwa kitamu kwa sababu tulikuwa tumekilipia kwa jasho. Mama aliyeketi karibu nami akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia Mikumi, kwa Yona wa reli.

"Ah, Yona wa zabibu!" akasema. "Mvua za mwaka juzi ziliozesha kila kitu huku, hata mahindi. Zabibu zake hazikuguswa. Zimeachana kwenye kichala, maji yanapita. Mwenzetu mmoja alikwenda kuutazama huo mti."

Hata Kisanga! Mtu anakaa kwenye tope la Kisanga na anajua jinsi vichala vya Yona vinavyokaa. Nikamuuliza kama amewahi kusikia habari za zabibu za Kidete. Akafikiri kwa adabu, akasema Kidete anakujua, kuna daraja.

Lori lilisukumwa likatoka. Nilipanda juu ya magunia nikiwa na malengelenge mawili mkononi na moja rohoni.

## Mikumi

Nyumba ya Yona iko nyuma ya stesheni, upande ambao huwaona nyani wakivuka reli asubuhi. Nilipoikaribia niliona watu wengi wamekaa uani chini ya turubai, wanawake wamejifunga kanga kichwani, na moshi wa sufuria kubwa. Nikasimama. Mama yake Yona, bibi wa Kigogo aliyekuwa akiishi naye, alikuwa amefariki, na jeneza lilikuwa ndani likingoja kwenda makaburini.

Yona alinitambua kutoka mbali. Alikuwa amekonda, mvi zimemjaa. Alikuja akanishika mikono yote miwili. "Stefano. Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimetumwa na kasisi, kuja kufuata divai."

Akanitazama, machozi yakamtoka, akageukia watu. "Jamani! Mtani amefika! Mama alisema hawezi kuzikwa kimya kimya bila Mkaguru, na Mungu amemleta!"

Mnajua maana yake. Lakini kwa watoto wenu waliokulia mjini, niseme. Msiba wa mtu mzima aliyekula chumvi yake ukimalizika bila watani huwa umepooza. Mtani huja akamtania marehemu, akazuia jeneza, akadai kitu, na wafiwa humkomboa kwa kuku au kanga ndipo anapisha. Alichodai hakikataliwi, ila hukombolewa. Na wafiwa, mioyo imewajaa, hupata mahali pa kucheka. Ndiyo kazi yetu, na wao kwetu ni hivyo hivyo. Hapo Mikumi hapakuwa na Mkaguru mwingine.

Nikanawa uso, nikaanza. Nilisema bibi huyu amekufa makusudi aliposikia nakuja, akikwepa kunipikia. Nilisema apelekwe makaburini na kinu chake, maana huko aendako hakuna atakayemtwangia mlenda. Wanawake wakaanza kutabasamu ndani ya kanga. Hata katekista alicheka, akajikohoza.

Jeneza likatoka. Nikalala kifudifudi mlangoni, kama inavyotakiwa. "Hapiti mtu!"

"Tukupe nini, mtani?" wakauliza.

Hapo ndipo nilipouona. Ulikuwa kando ya uzio, umepanda juu ya chanja ya miti ya mvule, majani mapana, na vichala vichanga vinaning'inia, kila punje mbali na mwenziwe kama watu waliogombana. Shina moja tu, limetokana na tawi moja. Ule wangu ni ndugu yake kwa baba na mama. Wivu ulinipanda kutoka tumboni, na mdomo wangu ukasema kabla sijauomba ruhusa:

"Nataka mzabibu ule."

Ua mzima ukaangua kicheko. "Ah, huyu mtani kweli!"

Wakaniletea kuku. Nikakataa. Wakaleta kanga mpya. Nikakataa. Dada yake Yona akaleta mbuzi, amemshika kwa kamba, akicheka huku machozi yakimtoka. Nikasema mbuzi wa tambarare simtaki, nataka mzabibu, tena wote, na mizizi. Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyocheka. Bibi mmoja alijishika mbavu akasema hajapata kuona utani mtamu kama huu tangu azaliwe. Wote walidhani natania. Mimi peke yangu nilijua kwamba sitanii.

Mimi na Yona. Maana Yona hakuwa anacheka. Alikuja akachuchumaa karibu na kichwa changu.

"Mtani," akasema polepole, "umekataa kukombolewa?"

"Nimekataa."

"Basi." Akaingia ndani, akatoka na panga, akaniwekea mkononi. "Inuka ukate. Mama asikae juani."

Kicheko kikakatika. Niliinuka nikiwa na vumbi mdomoni, nikaenda hadi kwenye chanja, na Yona akanifuata hatua moja nyuma. Shina lilikuwa nene kama kifundo cha mkono wangu. Mapanga matatu yangetosha, na mavuno yake ya kwanza yangekuwa ya mwisho. Hakuna ambaye angenilaumu. Ni utani, nimedai, nimepewa.

"Nikuambie kitu kabla hujakata," Yona akasema kwa sauti ya chini, watu wasisikie. "Hili tawi mimi nilitaka kulipogoa. Lilipozaa zile zabibu ndogo nilidhani ni ugonjwa, nikachukua kisu. Mama akanishika mkono. Akasema, 'Mtoto asipofanana na wenzake ndiyo mnamtupa? Mwache tuone atakuwa nani.' Akalifunga uzi mwekundu nisilikate kwa kusahau. Na divai uliyoifuata aliikamua yeye. Mimi niliosha sufuria tu."

Sasa, watu wengine wangesema hapo moyo wao ulilainika. Mimi sitawadanganya. Nilichosikia ni wivu mwingine, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Miaka yote nilidhani Yona amenizidi kwa bahati, na bahati mtu huweza kuivumilia. Kumbe alinizidi kwa mama. Nikajiuliza, hapa Kidete ni matawi mangapi yasiyofanana na wenzake nimeyapogoa mwenyewe, haraka haraka, nikiimba, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kunishika mkono? Huenda Mungu hakupita Kidete bila hodi. Huenda alibisha, nami nikamfyeka.

Nilikata. Nilikata tawi moja la pembeni, lililokomaa, urefu wa mkono. Kisha nikalinyanyua juu kama mtu aliyeua simba. "Nimeushika mzabibu! Pitisheni bibi!"

Wakapiga vigelegele, jeneza likapita. Na msinisifu kwamba nilimhurumia. Niliuacha ule mti uishi kwa sababu kama ungekufa na hilo tawi langu likakauka, mwingine ningeupata wapi?

Makaburini, baada ya udongo wa mwisho, Yona alinishika bega mbele ya watu wote. Alikuwa amerudi kuwa yule yule wa gengeni. "Umechukua, mtani. Na mimi siku yako nitakuja nichukue. Tatizo kwako sijui nitachukua nini, huna kitu chochote cha maana."

Walicheka kweli kweli. Na mimi, mbele ya kaburi la mama wa watu, nikaona wivu kwamba yeye aliyefiwa ndiye aliyetoa kicheko kikubwa kuliko changu.

## Kurudi

Yona aliwaomba wenzake wa reli, nikarudi hadi Kilosa kwenye behewa la mwisho la treni ya mizigo. Chupa kubwa ya divai, iliyosukiwa ukili, nilikuwa nimeiweka katikati ya miguu. Tawi lilikuwa limekatwa pingili pingili na kufungwa kwenye gunia lenye maji.

Safari ilikuwa ya polepole, tukisimama kila mahali kupisha tusichokiona. Mlinzi wa treni alilala. Basi nikawa peke yangu na ile chupa. Hakukuwa na kitu rahisi kama kizibo kile. Ningeweza kuionja. Ningeweza kuimwaga nusu nikajaza maji ya mtoni, askofu akakunja uso, na jina la Yona likaishia hapo. Nililegeza kizibo. Nikanusa tu, kama alivyonusa maalimu.

Nilirudisha kizibo nikakigonga kwa ngumi. Harufu ile sijui niwaelezeje. Ilikuwa na utamu na ukali vimekaa pamoja bila kugombana. Nilimkumbuka bibi yule akikamua, mikono imekuwa myekundu hadi viwiko, na mimi kazi yangu ya siku ile ilikuwa kumwambia amekufa akikwepa kunipikia.

Kilosa, Bi Mwajuma aliniona nikiteremka na chupa kubwa, akatoka mbio na bakuli. "Babu! Umeniletea siki?"

"Hii sasa ni divai, mama. Hii ni haramu kweli."

Akaitazama kwa heshima, akarudi nyuma hatua moja, akanipa maandazi ya njiani.

## Kidete

Siku ya kuweka wakfu kanisa mlikuwapo wengi. Mnakumbuka kasisi alivyosimama na kutangaza kwamba divai ya leo imetoka kwa ndugu yetu Yona, na mama yake aliyelala katika Bwana. Mnakumbuka pia mlivyogeuka wote kunitazama. Nilikaza macho ukutani nikahesabu mawe.

Nikaenda nikapiga magoti pamoja nanyi. Kikombe kikanijia. Mtu akipokea kikombe kile anatakiwa awaze mambo mengine, na Mungu anisamehe, mimi nilikuwa naomba iwe mbaya. Nilitamani iwe chungu, iwe siki, iwe hata maji. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri sana hata nikabaki nimepiga magoti baada ya wenzangu kuondoka, na Mama Neema akaniinua kwa kiwiko akidhani nimeguswa na Roho.

Pingili nilizipanda nyuma ya nyumba, mahali yalipokuwa maboga. Zote zilikauka isipokuwa moja. Ilipochipua sikumwambia mtu, lakini hapa Kidete siri haina mlango. Haikupita muda, mlinzi wa treni ya mizigo akanipigia kelele kutoka behewani, treni ikitembea, stesheni nzima ikisikia:

"Mzee Stefano! Yona wa Mikumi anakusalimu! Anasema amesikia umechipua! Anasema usife kwanza, uutunze vizuri uzae, ndipo aje kuuchukua!"

Watu walicheka mpaka treni ikapinda kona. Nilitafuta jibu la kumrudishia, sikulipata, hadi leo natafuta.

Sasa kila asubuhi namwagilia. Nimeufunga uzi mwekundu, nisije nikaukata kwa kusahau. Utazaa, naona dalili, na utazaa vizuri. Na siku yangu ikifika najua itakavyokuwa: Yona atalala mlangoni pangu hapo, jeneza langu limesimama, na atasema, "Nataka mzabibu ule." Mama Neema atamletea kuku, atakataa. Atamletea mbuzi, atakataa. Mti sitauhitaji tena, auchukue. Kinachoniuma ni kwamba siku hiyo watu watacheka kuliko walivyonichekea mimi Mikumi, na mimi sitaweza kumjibu.